Ndoo ya Wifi Chachu

Wifi yangu simpendi, naye hanipendi, na nyumba nzima inajua. Mtaani wanamwita Chachu kwa sababu ya ndoo yake iliyokuwa ikichachuka jikoni kwangu. Mimi nasema jina lilianzia usoni.

Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa kaka yake, yaani mume wangu, na mdomo usio na breki. Akayavamia matangi yetu ya kambale nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumepoteza vifaranga vya samaki mara mbili: mapezi yanaoza, matumbo yanavimba, asubuhi wanaelea. Mume wangu alikuwa akiwamwagia antibayotiki. Chachu akamwita mjinga mbele yangu.

“Unaua wabaya na wazuri pamoja,” alisema. “Kuna bakteria wanaomlinda samaki. Wakijaa tumboni mwake, wale wa ugonjwa wanakosa pa kukaa.”

“Yaani unataka kuwalisha samaki wangu vijidudu?” mume wangu akauliza.

“Ndiyo. Na ndoo yangu asiiguse mtu.”

Ndani ya ndoo alitia maji, molasi na unga wa bakteria alioununua kwa wataalamu wa samaki. Ilinuka kama maziwa yaliyosahaulika. Nilimwambia aitoe jikoni. Akanijibu kwamba bakteria wanataka joto, na pua yangu ikinisumbua niende nikalale kwetu. Nusura nimrushie mwiko.

Mume wangu akaamua: vifaranga wapya tutakaonunua ndio wa mwisho. Wakifa, matangi yanavunjwa, tunajenga vyumba vya kupangisha, na dada yake atafute pa kwenda. Niliomba wafe. Nasema ukweli.

Hawakufa. Walinenepa, wakawa wanagombania chakula. Kisha Chachu akapata kibarua cha asubuhi kwenye kiwanda cha barafu, na kazi ya kuchota jagi moja kutoka kwenye ndoo na kulichanganya na chakula cha samaki akamwachia mama yake, mama mkwe wangu, ambaye hana ubaya na mtu. Haikuchukua muda, mapezi yakaanza kuoza tena.

Siku samaki walipoelea tulikuwa jikoni watatu. Chachu alichutama mbele ya ndoo, ananusa, anachovya kidole, haelewi. Mama mkwe akamshika bega.

“Usijilaumu, mwanangu. Tumejitahidi. Mimi kila asubuhi nachemsha lile jagi kwanza, linatokota kabisa, ndipo nawapa. Wewe mwenyewe ulipokuwa mchanga sikukupa kitu ambacho hakijachemka.”

Nikamwona Chachu anaelewa. Samaki walikuwa wakilishwa bakteria waliokwisha kupikwa. Mwanamke huyu aliwahi kunitukana kutwa nzima kwa ajili ya kijiko, kwa hiyo nikasubiri alipuke.

“Ahsante, Mama,” akasema.

Mume wangu akaingia, suruali imelowa. “Wamekwisha wote. Nani kakosea?”

“Mimi, Kaka. Nilikosea vipimo.”

“Basi fungasha.”

Nikafungua kinywa niseme. Chachu akanikata jicho, jicho la kuniambia nithubutu nione, huku mkono wa mama yake ungali begani. Nikafunga kinywa.

Aliondoka bila kuniaga. Mama mkwe huniuliza binti yake alikoseaje vipimo, msichana makini vile. Namjibu kwamba sijui, kisha namlaani wifi kimoyomoyo kwa kuniachia mzigo huu peke yangu.