Kona Iliyochukuliwa kwa Utani

Watu bado wanafika pale na nguo zilizochanika. Wanatokea upande wa stendi, mfuko mkononi, na ndani yake kuna suruali iliyoachia mshono au gauni la kupunguzwa kwa ajili ya kipaimara. Wanapofika kwenye kona, kati ya duka la marehemu Hussein na mtaro, wanasimama. Wanatazama kioo cha duka jipya, simu zilizopangwa nyuma yake, taa ndogo za buluu zinazowaka hata mchana. Wengine huuliza. Wengi hawaulizi. Wanakunja mfuko upya na kuendelea kutembea, maana mtaa ule sasa ni wa kutembea, wala hakuna pikipiki ya kumharakisha mtu.

Mtaa ni mzuri. Zamani kipande kile cha kutoka stendi hadi sokoni kilikuwa vita. Bodaboda zilipita katikati ya vikapu vya nyanya, magari ya mizigo yalirudi kinyumenyume hadi kwenye magoti ya watu, na masika yakianza, mtu aliokoa kandambili moja akaiacha nyingine kwenye tope. Biashara karibu yote ya Mikumi ilikuwa imeegemea barabara kuu, kule yanakopita malori ya kwenda Iringa, na barabara ile haina huruma na mtoto anayevuka akiwa amebeba deli la barafu. Ndipo ofisi ya mipango miji ikaamua kwamba biashara ndogondogo zirudi ndani. Mtaa ufungwe kwa vyombo vya moto, uwekwe matofali ya saruji, mitaro ifunikwe, ipandwe miti ya kivuli, na vijengwe vizimba pande zote mbili. Watu watembee, wasimame, wachague nyanya bila kugeuza shingo kwa hofu. Yote hayo yametimia. Aliyebaki nje yake ni Editha.

Editha alizaliwa Kisanga, akaolewa Mikumi. Mumewe alipofariki, alibaki na mtoto wa kunyonya, Upendo, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mwenyekiti wa wakati ule alimwonyesha kona ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya harufu ya mtaro, akamwambia akae. Alimpa kwa mdomo, kama watu wadogo wanavyopewa ardhi. Editha akafyeka majani, akajaza kifusi, akafunga turubai. Pale ndipo Upendo alipojifunza kusimama, akishikilia mguu wa cherehani, na pale ndipo alipomshonea binti huyo gauni la harusi.

Hussein alikuja baadaye, mtu wa Tindiga, akajenga duka lake la sukari na sabuni ubavuni mwa kona. Siku ya kwanza waliulizana koo, kama watu wa huku wanavyofanya kabla hata ya kuulizana majina, wakagundua kwamba koo zao ni watani. Tangu hapo hawakuwahi kusalimiana kwa amani. Hussein akifungua duka asubuhi alimuuliza kama nyani wenzake wa hifadhini wameamka salama. Editha, bila kuinua macho kwenye kitambaa, alimshauri ajikune mgongo, maana watu wa majaruba ya mpunga ya Tindiga wakikaa mbali na maji magamba hukauka kama ya sato wa kukaanga.

Asiyeujua utani wa koo husikia matusi tu. Lakini mtani ndiye anayechimba kaburi lako. Ndiye anayeingia jikoni msibani wakati ndugu wa damu wamelegea kwa kilio. Kwa kuwa ana kazi hiyo nzito, amepewa ruhusa ya kukutukana ungali hai, na hata kukunyang'anya. Akishika kitu chako mbele za watu akasema ni chake, humkatalii. Ukikataa kwa hasira umeuvunja utani. Unampa, unamwongezea na dharau, kisha kabla jua halijazama unakikomboa kwa kitu kidogo, yai au kipande cha muhogo, mambo yameisha.

Mkutano wa kugawa vizimba ulifanyika katika darasa la shule. Afisa wa mipango miji, kijana mpole aitwaye Amon, mwenyeji wa mikoa ya ziwa, alibandika ramani ubaoni. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Alieleza vizuri: rangi ya njano ni makazi, nyekundu ni biashara, na ule mstari wa kijani ni mtaa wa waenda kwa miguu. Kila mwenye sehemu yake ya siku zote atapewa kizimba palepale alipo. Wanaodai sehemu wasimame waseme mbele ya wenzao, ili asiwepo mtu wa kulalamika baadaye. Ilikuwa njia ya haki, na karibu kila mtu aliipenda.

Zamu yake ilipofika, Editha alisimama akasema kona ya mtaroni ni yake. Kabla hajaketi, Hussein alikuwa ameshasimama nyuma yake, mkono kifuani, uso mkavu kama wa shahidi mahakamani.

"Bwana afisa, huyu hana kona," alisema. "Huyu ni mtumwa wetu. Babu zangu waliwanyang'anya nyani wakamwokoa. Kona ni yangu, yeye namweka pale alinde sabuni."

Darasa lilicheka. Wazee walipiga madawati. Editha aligeuka akapiga goti, akakunja mikono kama mjakazi.

"Kweli, bwana wangu," alisema. "Chukua kona. Chukua na cherehani, labda itakufundisha kazi."

Vicheko vilizidi. Amon naye alitabasamu, kwa adabu, kama mgeni anavyotabasamu. Mbele yake alimwona mwenye duka na mwanamke anayeshonea ubavuni mwa duka hilo. Alijua habari za utani; makabila yote ya nchi hii yana watani wao. Utani wa ukoo kwa ukoo, kati ya watu wanaoishi mji mmoja na kusema Kiswahili kilekile, hakuwa ameuona. Akasubiri kelele zipungue, akauliza kwa heshima: "Kwa hiyo, mama, unamwachia?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema hapana. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama, mtani alikuwa bado amesimama akimngoja, na kukataa mbele ya mtani ni aibu ambayo mtu hurudi nayo hadi kwao.

"Namwachia, baba," alisema Editha. "Na turubai juu."

Amon akamshukuru, akaendelea na mwingine.

Jioni ile Editha alikaanga muhogo, akauvusha kizingiti cha duka kwenye sahani ya bati. Hussein aliula wote akiwa amesimama, akalalamika kwamba haukuwa na pilipili, akatangaza kwamba amemrudishia mtumwa kona yake. Wapita njia walisikia. Kwa watu wa mtaa ule jambo lilikuwa limefungwa, na lingeweza kufungwa vizuri kiasi gani zaidi ya hapo?

Majina yaliposomwa kwenye mkutano wa pili, baada ya mpango kupitishwa na madiwani, mtendaji alisema kona ya mtaroni ni ya Hussein. Watu wakacheka tena. Walidhani ofisi nayo imejifunza utani. Mtendaji hakucheka, alisoma jina lililofuata, na lililofuata, na kicheko kikafa taratibu kuanzia madawati ya mbele kwenda nyuma.

Waliongozana ofisini, Hussein mbele na Editha nyuma, na kwa mara ya kwanza njia nzima hawakutukanana. Amon aliwasikiliza hadi mwisho. Alishika kichwa. Alisema walisema wenyewe, mbele ya watu, na yeye alimuuliza mama waziwazi. Hawakumbishia, kwa kuwa ilikuwa kweli. Aliahidi kulirudisha jambo kwenye kikao, na huenda angelirudisha, lakini alihamishwa wilaya kabla kikao hakijakaa. Aliyechukua nafasi yake aliwaambia kizimba kimoja kina jina moja, wangoje mpango utakapopitiwa upya. Mpango haukupitiwa.

Hussein alilichukulia jambo hilo vibaya kuliko Editha. Kizimba kilipokamilika, chenye bati jekundu na sakafu isiyotuamisha maji, alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Editha, akasimama uani bila kukaribishwa.

"Njoo ukae," alisema. "Jina langu, makalio yako."

Editha akakaa. Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri, na huenda uzuri huo ndio uliowasahaulisha wote wawili. Kivuli kilimfikia Editha kuanzia saa nne. Wanawake waliokuja sokoni walikuwa na nafasi ya kusimama, kushika vitambaa, kubadili mawazo kuhusu kola. Brightness, aliyeuza ndizi na maparachichi kwenye kizimba cha pili, alisema hakujua kama mtaa unaweza kuwa na sauti za watu tupu. Hussein alitoa kiti nje, akakaa mlangoni pake akimtangazia kila mteja kwamba fundi huyu hushona kwa kucha. Mara mojamoja alisema wiki ijayo atakwenda ofisini kubadilisha jina. Editha hakumkumbusha. Kumkumbusha kungekuwa kama kumwambia kwamba anamngojea afe.

Alikufa kweli, kwa ugonjwa wa siku chache, jina likiwa bado lake. Mrithi alikuwa binti yake, Yusrah, aliyelelewa na mama yake Morogoro na kuja Mikumi sikukuu kwa sikukuu. Kwenye msiba wa mtani wake Editha alikuwa na kazi, akaifanya. Alivaa koti la marehemu na kofia yake. Alitembea ua mzima akivuta mguu kama yeye, akikoroma kama yeye, akiwauliza waombolezaji kama wamekuja kulia au kula. Wanawake walicheka huku machozi yanawatoka. Yusrah alimtazama tu, kanga mdomoni, hakuelewa ni nani huyu.

Jeneza lilipoinuliwa, Editha alitandika mkeka mlangoni, akalala juu yake. Ni haki ya mtani. Maiti haivuki mpaka mtani alipwe anachotaka, na siku hiyo hakuna anayemkatalia. Shekhe alitazama chini, akavumilia, kama mashekhe wa huku wanavyovumilia.

Mdogo wa marehemu alichuchumaa mbele ya mkeka. "Unataka nini, mtani?"

Hapakuwa na mtu pale asiyejua habari ya kona. Wale waliocheka darasani walikuwepo karibu wote, na wengine walikuwa wameinama kidogo mbele, kama watu wanaotaka kusaidia neno litoke. Lingetoka, lingekuwa. Baba mdogo angetamka ndiyo mbele ya maiti, na mrithi asingekuwa na mahali pa kusimamia. Editha alilala akitazama paa la kibaraza. Waliobeba jeneza wakabadilisha mabega.

"Nipeni chumvi," alisema mwishowe. "Ndugu yenu hakuwa na ladha hata kidogo."

Kicheko kilikuja, kifupi, cha watu waliopigwa na kitu. Pakiti ya chumvi ililetwa kutoka jikoni. Editha aliipokea kwa mikono miwili, akakunja mkeka, na Hussein akapita.

Tanga lilipoanuliwa, alivaa nguo yake ya kanisani, akaenda kwa Yusrah. Hakutania. Alieleza tangu mwanzo: kifusi, turubai, darasa, muhogo. Kisha akaomba kona.

Yusrah alimsikiliza, akamwambia kwamba baba hakuwahi kumweleza, na kwamba ameshampa neno kijana anayetaka kuuza simu. "Lakini mama, kwa nini hukusema siku ile?" aliuliza. "Ulipolala mlangoni. Baba mdogo angekupa, na mimi ningenyamaza."

"Siku ile ulikuwa mchezo, mwanangu," Editha alisema. "Kona yangu iliondoka kwa mchezo uliofanywa kweli. Nikiirudisha hivyohivyo, juu ya maiti, nani atamruhusu tena mtani alale mlangoni? Mtazikana na nani? Leo nimekuja kuomba kama mtu anavyoomba."

Yusrah alilia. Machozi yalikuwa ya kweli. Alisema ana watoto wa kulea peke yake, na kona ile ndiyo kitu pekee baba alichomwachia kinachoweza kumlisha, maana duka lilikuwa tupu. Editha alijua maneno hayo; miaka mingi nyuma, kwa mwenyekiti, alikuwa ameyasema yeye mwenyewe. Alimwambia ajifute uso, akaaga.

Alimaliza nguo za watu zilizokuwa mkononi. Alizigawa kwa wenyewe, moja moja, bila kueleza. Brightness alimsindikiza hadi kwenye gari, akitaka kumuuliza na akishindwa, akaishia kumpa parachichi za njiani.

Sasa Editha yuko Kisanga, kwa kaka yake Hezekia, nyumba iliyo jirani na shule ya msingi. Anashona sare.