Mama Reli wa Magomeni

Kabla watu wa Magomeni, mtaa wa mji wa Kilosa, hawajamwita Mama Reli, Yunis aliitwa Mama Happy, na alikuwa mama ntilie ambaye wali wake wa maharage uliisha mapema kila siku. Alikuja Kilosa akiwa binti mbichi kutoka Mamboya, milimani, ameolewa na Elikana, mfanyakazi wa njia ya reli. Elikana na wenzake walikaza vyuma, walibadili mataruma yaliyochoka kubeba vyuma hivyo, walirudishia kokoto zilizobebwa na mafuriko. Ilikuwepo pia kazi nyingine ambayo hakuna aliyeiomba: treni ikigonga mtu, wao ndio walioitwa kumwokota.

Siku kama hizo Elikana alirudi, akaoga mpaka maji yakaisha kwenye pipa, kisha akakaa uani bila kugusa chakula. Hakuwa msimuliaji. Mara moja tu alimwambia mkewe, "Mama Happy, watu hawagongwi kwa kutoiona treni. Wanaiona. Wanadhani muda upo." Alikufa kwa maradhi ya kifua, binti yao Happyness akiwa bado shuleni. Alimwachia Yunis nyumba ya vyumba viwili jirani na reli, na hofu ambayo majirani zake hawakuwa nayo.

Majirani wangeipata wapi? Walizaliwa na kukulia kando ya treni. Reli ya zamani ilipita katikati ya maisha yao kama uwanja wa nyumba. Watoto walikwenda shule wakitembea juu ya chuma huku wamenyoosha mikono wasianguke. Akina mama walianika mihogo juu ya kokoto kwa sababu pale jua lilikuwa kali na hapakuwa na vumbi. Jioni wanaume walikaa kwenye chuma kilichopoa, wakapunga upepo na kuzungumza mpira. Treni ikipiga honi waliinuka taratibu, wakakung'uta suruali, wakapisha, kisha wakarudi kukaa.

Tangu treni ya umeme ianze kupita kule kwenye tuta lake lenye uzio, dharau kwa ile ya zamani ikaongezeka. Ile mpya waliiheshimu: ilipita kama kitu kilichorushwa, ukiitazama imeshaondoka. Hii ya dizeli, yenye mabehewa ya mizigo yanayolia kama vitanda vibovu, wakaipa jina la Babu. Babu anapita. Babu leo kachelewa. Babu hana mbio. Nani amwogope babu yake?

Yunis alipikia nyuma ya maduka, mahali ambapo watu walikuwa wamelikwangua tuta la reli ya zamani hadi likawa njia ya mkato ya kwenda sokoni. Kivuko halali chenye alama kilikuwa mbele zaidi, na hakuna aliyekuwa na haja ya kukizungukia. Pembeni yake alikaa Shamimu, muuza chapati, mwenyeji wa Kilosa tangu mababu. Ndiye aliyemfundisha Yunis mji alipokuja hajui hata pa kuchota maji. Happyness alipozaliwa, Shamimu ndiye aliyemkanda mzazi kwa maji ya moto. Mume wa Shamimu, Mwinshehe, alikuwa akileta ndizi kwa baiskeli kutoka kijiji cha Ulaya, mikungu imefungwa huku na huku mpaka yeye mwenyewe haonekani. Alikuwa mtu wa maskhara, akila kwa Yunis na kunywea chai kwa mkewe, akisema hivyo ndivyo anavyotenda haki.

Mwaka mmoja ukaja mradi wa elimu ya usalama wa reli. Kijana mmoja aitwaye Alex alishuka na gari jeupe na vipaza sauti, akawakusanya watu kwenye uwanja wa shule. Alizungumza vizuri. Aliwauliza wangapi wamewahi kuvuka pasipo kivuko, watu wote wakanyoosha mikono wakicheka, naye akacheka nao. Yunis akasimama, akauliza kwa nini pale nyuma ya maduka, panapopita mji mzima, hapana hata kibao. Alex akasema hilo ndilo swali la siku. Akaahidi kibao, akaahidi na ngazi za zege na vyuma vya kuwapunguza watu mwendo, kisha akawauliza wananchi kama wanaona kuwa mama huyu anafaa kuwa balozi wao wa usalama. Watu wakapiga makofi. Yunis akavishwa kizibao cha rangi ya chungwa, akapewa filimbi, akapigwa picha. Gari jeupe likaondoka.

Yunis akaichukua kazi ile kama kazi. Kila treni ilipopiga honi upande wa stesheni aliacha mwiko, akasimama kwenye njia ya mkato na kizibao chake, akapuliza filimbi. Aliwaondoa watoto. Aliwaondoa wazee. Mihogo ya watu aliisogeza kwa mikono yake mwenyewe. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha, vijana wakimwamkia kwa mbwembwe: "Shikamoo, Mama Reli." Naye akaitikia marahaba na kuwaambia wapishe.

Kisha zikaja habari kwamba nyumba zilizo ndani ya eneo la reli zitapigwa alama ya X ili zibomolewe. Hakuna aliyejua zilikotoka. Lakini ikakumbukwa kwamba marehemu Elikana alikuwa mtu wa reli, ikaonekana kwamba kizibao hakitolewi bure, na kicheko kikaisha. Alipopita dukani watu walinyamaza. Mama mmoja alimwambia wazi kwamba kila anayevuka pale jina lake linapelekwa Morogoro. Yunis alitamani kumwambia kwamba namba ya simu aliyoachiwa na Alex huita mpaka inakatika bila kupokelewa. Aliona aibu.

Mwinshehe ndiye pekee aliyeendelea kumtania. Asubuhi moja alivuka na baiskeli yake honi ikiwa imeshalia, akaibwaga mbele ya meza ya Yunis, akaagiza wali. "Shemeji, usijisumbue," akasema. "Babu ananijua."

Yunis alikuwa amechoka, moshi umemwingia machoni, na hofu ya honi ile ilikuwa haijamtoka. Akamwambia mbele ya wateja wote, "Mwinshehe, siku moja tutakuzoa hapa kwa beleshi."

Wateja wakacheka. Mwinshehe alicheka kuliko wote, akadondosha na kijiko. Shamimu hakucheka wala hakukasirika. Aligeuza chapati.

Yaliyofuata yalitokea mwisho wa masika, siku ya soko, jua likiwa limewaka vizuri. Mwinshehe alifika na mzigo mkubwa kuliko kawaida yake. Treni ya mizigo ikapiga honi. Watu waliokuwepo wote wanakubaliana kuhusu sehemu hii: gurudumu la mbele lilizama kati ya chuma na kokoto zilizolegezwa na mvua, baiskeli ikalala juu ya njia, naye akaruka akatoka. Alikuwa amepona. Alisimama upande wa maduka, mzima kabisa, akiitazama mikungu yake, na mtu mmoja alishaanza kumpa pole ya baiskeli. Ndipo akarudi. Alidhani muda upo. Yunis alipuliza filimbi mpaka pumzi ikamwishia, dereva akaikandamiza honi bila kuiachia, na treni yenye mzigo haina namna ya kusimama kwa kuambiwa.

Vijana wa njia ya reli walikuja baadaye kufanya ile kazi ya Elikana. Walikuja na turubai, na mmoja wao alikuwa ameshika beleshi. Watu walilitazama lile beleshi. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka wakamtazama Yunis, aliyekuwa amekaa chini kando ya jiko lake na kizibao mwilini.

Mwinshehe alizikwa siku ileile. Kesho yake Yunis akajitwika unga na maharage, akajifunga khanga, akaenda msibani kupika kama wanavyofanya wanawake wote. Alikuta akina mama uani wamezunguka sufuria. Hakuna aliyemfukuza. Walisogea tu, kila alipokaa nafasi ikawa kubwa, na kisu alichokishika kumenyea vitunguu hakuna aliyekiomba tena. Akaingia ndani alikokuwa Shamimu, amekaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Yunis akapiga magoti, akamshika mkono. Mkono haukuondolewa, lakini haukumshika.

"Mama Happy," Shamimu akasema polepole, "mimi sisemi umemroga. Wengine wanasema. Mimi sisemi."

"Shamimu, unanijua."

"Nakujua. Lakini ulilitamka. Mbele yangu, mume wangu ana chakula mdomoni. Nikifumba macho nakusikia wewe, simsikii yeye." Akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu cha watu. "Nenda nyumbani. Unga wako uchukue nao."

Yunis aliuchukua unga. Njia nzima aliubeba mikononi, hakuutia kichwani, na aliokutana nao waliona kuwa umerudishwa.

Baada ya hapo habari ikakua yenyewe. Ilisemwa kwamba filimbi ndiyo iliyomchanganya marehemu, akadhani anaitwa. Ilisemwa kwamba reli hudai damu kila baada ya miaka kadhaa, na kizibao ni mkataba: mwenye kukivaa ndiye anayetaja jina. Watu wazima waliosoma waliyasema hayo wakiwa wameshika simu mkononi. Wateja wakakata mguu. Wali wa Yunis ukawa unarudi nyumbani jioni umeganda, akawapa kuku.

Gari jeupe lilirudi. Alex akawakusanya watu palepale shuleni, akatoa pole, kisha akaeleza kwamba ajali ile ilitokana na uzembe wa marehemu mwenyewe, na kwamba mtaa huu haukuwa na kisingizio kwa kuwa ulikuwa na balozi. Akamwomba balozi asimame awaambie wenzake kama hakumwonya marehemu.

Kaka yake Mwinshehe alikuwa amekaa mbele, kanzu yake nyeupe, mikono magotini. Yunis alisimama. Aliona wazi kwamba neno moja tu lingemsafisha, na kwamba neno hilohilo lingemzika Mwinshehe mara ya pili, safari hii kama mjinga.

"Nilimwonya," akasema. "Kwa ulimi mbaya, lakini nilimwonya. Na ninyi mliahidi kibao. Mliahidi ngazi na vyuma. Mliniachia filimbi. Marehemu alikosea, sawa. Na anayeahidi asilete, yeye tumwiteje?"

Alex akasema kwamba masuala ya bajeti yana taratibu zake, akamshukuru mama kwa mchango wake, akahamia kwenye jambo lingine. Yunis alitegemea japo sauti moja nyuma yake imuunge mkono. Haikuja. Kaka wa marehemu alipita karibu yake wakati wa kutoka, akasema bila kumtazama, "Umesikika ukikiri kwa ulimi wako. Mungu anatosha." Na hilo neno la ulimi mbaya ndilo walilokwenda nalo nyumbani. Yale ya kibao hayakufika popote.

Wiki hiyo alikuta mafiga yake yamebomolewa na majivu yamemwagwa mlangoni. Akampigia binti yake. Happyness alikuwa anaishi Mikumi na mumewe Goodluck, fundi wa matairi ya malori kwenye barabara kuu. Goodluck akaja mwenyewe kumchukua mkwewe, akapakia godoro na masufuria, akauliza kama kuna watu wa kuaga. Yunis akasema hakuna. Hata hivyo, gari lilipokuwa linasubiri kuondoka, alitembea mpaka nyuma ya maduka kupatazama. Arobaini ya Mwinshehe ilikuwa bado. Watu walikuwa wanapanda na kushuka tuta kama kawaida, wengine na mizigo kichwani, na katikati yao alikuwemo kaka yake Mwinshehe, amekunja kanzu asiikanyage, akiruka chuma cha kwanza, kisha cha pili.

Mikumi ni mji wa barabara. Watu hulala na kuamka na kelele za malori. Lakini na huko reli ipo, ile inayotoka Kilosa kwenda Kidatu, na treni zake ni za nadra kiasi kwamba majani yameota kati ya vyuma. Happyness alimpokea mama yake kwa furaha, akampa chumba chenye dirisha. Siku ya pili akamwambia jambo alilokuwa ameliandaa. Alisema habari za Kilosa zimeshafika hapa, Goodluck ana wateja wake, na watoto wanasoma na watoto wa watu. "Mama, nakuomba," akasema. "Hapa usimwambie mtu kitu kuhusu reli." Yunis akaahidi.

Na ameitunza ahadi. Akienda sokoni hupitia njia inayokatiza reli, hutazama huku na huku, huvuka. Kuna mama mmoja kijana anayeanika mpunga juu ya turubai, katikati ya vyuma kabisa, kwa sababu pale jua ni zuri. Hukaa hapohapo na kumnyonyesha mtoto wake huku akifukuza kuku. Ni mama mwenye adabu, kila siku humwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Hivi mama, treni wiki hii inapita?"

Yunis anajua kwamba inapita. Goodluck amewasikia madereva wa malori wakisema. Anamtazama yule mama, na mtoto, na mpunga uliotandazwa vizuri, na maneno yanamjaa kinywani.

"Sijui, mwanangu," anasema. "Mimi mgeni hapa."

Kisha anaondoka, anatembea kwa haraka kuliko umri wake, asije akawa bado karibu honi itakapolia.