Mkono wa Baba kwa Kasi ya Mia Tano

Baba aliniomba nimpige picha moja tu: mkono wake wa kulia umeshika tezo, kile kishoka cha kuchongea, na umetulia. Amechonga vinyago tangu ujana wake, na sasa mkono huo hutetemeka hata akiwa amekaa bila kazi. Picha ya simu hakuitaka kabisa.

"Simu ikiibwa, na mkono wangu umeenda," alisema. "Nataka ya kutundika ukutani, wajukuu wauone."

Nilikuwa na kamera kuukuu ya filamu, niliyoitoa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, katikati ya pasi na saa mbovu. Kigurudumu chake cha kasi kinaishia mia tano, yaani inafumba na kufumbua kwa sehemu ya mia tano ya sekunde. Kupita hapo haiendi. Kwa kasi ya sitini mkono wa Baba ungetoka ukungu mtupu. Kwa mia tano labda ungeshikika. Nasema labda kwa sababu springi za kamera za umri ule huchoka, kigurudumu kikaandika mia tano nazo zikatoa pungufu. Tena kasi kubwa inataka jua kali, nasi tulikuwa Julai, Makadara yote imefunikwa mawingu.

Tukakaa uani tangu asubuhi tukingoja jua. Niliyakasirikia mawingu, nikaikasirikia kamera, nikazikasirikia hata nguo zilizoanikwa mbele yetu. Mama mboga wa jirani akaanua mashuka yake bila kuombwa.

"Na hiyo kitu ya ukoloni itatoa picha kweli?" akauliza.

Sikuwa na moyo wa kucheka.

Jua lilitokea alasiri. Baba akainua tezo, na mkono ukazidi kutetemeka kwa sababu alijua unatazamwa.

"Pumua tu, Baba."

"Mimi napumua. Wewe ndiye hupumui."

Alisema kweli. Nikabonyeza, nikabonyeza, hadi filamu ikaisha.

Siku za kungoja filamu isafishwe mjini usingizi ulinipaa. Mezani Baba huukalia mkono ule ili tusiuone. Niliogopa nitamletea ukungu, halafu nimtazame akiutazama.

Picha zilitoka, na moja ilikuwa safi. Kucha zilionekana, kovu la kidole gumba, unga wa mti kwenye vifundo, na mkono umetulia tuli. Nilirudi nyumbani nusu nikikimbia. Kwa furaha nikamkabidhi palepale mlangoni, mkononi mwake wa kulia, bila kufikiri.

Aliitazama sana. Picha yote ilikuwa ikitetemeka, tezo, kovu na kila kitu.

"Umetulia," akasema. "Umetulia kabisa."

Kisha akanirudishia.

"Itundike wewe. Mimi msumari siuwezi tena."