Kornelia wa Gunia la Nani

Kabla hajafanyiwa upasuaji, Kornelia alikuwa mtu ambaye padre akikosa kumsikia kwenye zaburi humwuliza mwalimu wa kwaya kama yule binti anaumwa. Kwao ni Kirua Vunjo, nyumba iliyozungukwa na kihamba, migomba mbele na mibuni nyuma, na tangu akiwa shule ya msingi alikuwa ndiye mwimbaji wa zaburi wa kigango chao. Sauti yake ilikuwa ya juu, nyembamba, safi. Wanawake waliozoea kusinzia kwenye misa ya kwanza walisema ikifika zaburi macho hufunguka yenyewe.

Rovu lilimwota shingoni polepole, kama lilivyomwota bibi yake. Mwishowe likakua hata akilala chali anakosa pumzi. Daktari alimweleza bila kumficha: karibu na uvimbe ule kuna mshipa unaoendesha sauti, na hata kisu kiwe makini vipi, mshipa huo unaweza kuguswa. Kornelia alikubali. Mtu hupumua kwanza, kuimba baadaye. Alipozinduka akaomba maji, na mama yake, Mektrida, aliyekuwa amekaa pale pale kitandani, aligeuka kutazama ni mwanamume gani aliyeingia wodi ya wanawake.

Sauti ya zamani haikurudi. Iliyobaki ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, inayokatika katikati ya neno na kuibuka upande wa pili. Mwalimu Primus, kiongozi wa kwaya, alisubiri kwa muda mrefu, kisha, bila neno lolote la kumuumiza, akampa kazi ya kutunza majoho. Kornelia aliyafua, akayapiga pasi, akayatundika. Wenzake walipoimba yeye alikaa benchi la mwisho akifumbua na kufumba mdomo bila kutoa kitu. Aliporudi nyumbani Jumapili moja alimwambia mama yake kwamba anashuka mjini.

Mjini Moshi alipokewa na baba yake mdogo, Rogath, mwenye mashine ya kusaga na kukoboa pale Majengo. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba. Kazi ya Kornelia ilikuwa kupokea mahindi, kuyapima, na kuweka watu kwenye foleni. Mashine ikishawashwa mle ndani hakuna aliyesikika na mwenzake, isipokuwa yeye.

"Gunia la nani hili? Litoe njiani! Wewe wa nyuma, usisukume!"

Watu wazima walikuwa wakiruka kuyashika magunia yao. Rogath alicheka akasema hajawahi kuwa na foleni iliyonyooka namna hiyo.

Nyuma ya mashine kulikuwa na stoo, na Rogath aliwaachia vijana watatu wapigie muziki humo, kwa kuwa mchana hakuna jirani aliyeweza kutenganisha kelele zao na za mashine. Hussein, fundi wa kusuka mota, alipiga gitaa. Hosea alipiga dramu. Fikirini alipiga besi, na yeye ndiye aliyeuleta muziki wenyewe. Alikuwa mpagazi wa mlimani, mmoja wa wale wanaoitwa wagumu, na mgeni mmoja, ambaye Fikirini alimsaidia kushuka akiwa hoi, alimwachia redio ndogo ya masikioni yenye kanda ndani. Zilikuwa nyimbo fupi, za mbio, zinaanza ghafla na kuisha kabla hujakaa vizuri.

"Inaitwa panki," Fikirini alikuwa akiwaeleza watu.

Watu walicheka. Panki waliyoijua Majengo ni ile ya kinyozi, nywele zinaachwa katikati ya kichwa, pembeni zinanyolewa zote. Lakini vijana wale walipenda kwamba muziki huo haukudai tarumbeta wala sare, wala mtu aliyesomea. Walijiita Wagumu, wakawa na nyimbo tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuimba.

Siku moja Hussein alikuja mpaka mlangoni, akasimama akimsikiliza Kornelia anavyopanga foleni. Mashine ilipozimwa akasema, "Dada Kornelia, tunaomba uje uimbe na sisi."

Kornelia alijua anadhihakiwa. Alikuwa ameshika ungo wa pumba. Akammwagia wote kichwani.

Hussein alijipangusa macho. "Nitakuja kesho," alisema kwa upole, nyusi zake nyeupe kama za mzee. "Ukishapoa."

Na kesho yake akaja kweli.

"Wewe unasikia sauti hii ilivyo," Kornelia alimwambia. "Mtu ataimba nini nayo?"

"Naitaka hivyo hivyo ilivyo. Mimi nikiimba naonekana kama naomba radhi. Wewe ukiuliza gunia la nani, hata asiye na gunia anatetemeka."

Kornelia alicheka, na kicheko nacho kilitoka na mikwaruzo yake. Jioni akaingia stoo. Hakujua aanze na nini, wala hakutaka kuanza na wimbo ambao aliwahi kuuimba vizuri, kwa hiyo akaanza na maneno ya kila siku. Gunia la nani hili, litoe njiani. Hosea akadaka mapigo, Hussein akafuata, na kabla hawajaambiana lolote wimbo ulikuwa umekwisha na wote wanne wamesimama wakitazamana.

Tangu hapo nyimbo zilikuja zenyewe. Mmoja ulimhusu baba yake, aliyeng'oa mibuni baada ya bei ya kahawa kuanguka, akapanda nyanya, kisha akawa anatoka kila asubuhi kwenda kusimama pale mibuni ilipokuwa. Mwingine ulikuwa wa majoho: nayapiga pasi, siyavai. Maneno hayo tu, yakirudiwa, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka uliofuata waliamua kutoa kanda. Walikwenda Arusha, kwenye studio ya mtu waliyeelekezwa. Fundi mitambo aliwasikiliza wimbo mmoja, akavua vifaa vya masikioni, akamwuliza Hussein kana kwamba Kornelia hayupo, "Mwimbaji wenu anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi tafuteni mwingine. Nyimbo si mbaya."

Kornelia alitazama chini. Moyoni alimpa haki yule bwana. Hata yeye asingeilipia sauti ile nauli. Alipoinua macho alimwona Fikirini amechomoa waya wa besi na anauviringisha mkononi.

"Unafanya nini?" fundi aliuliza.

"Si umesema tutafute mwingine? Tunakwenda kutafuta fundi mwingine."

Waliporudi Moshi, Hussein alisema watarekodi wenyewe stooni, ila hawakuwa na vyombo vinavyofaa. Kornelia alijua vilipo. Kwaya ya nyumbani ilikuwa imepewa maikrofoni nzuri na mashine ya kurekodia, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu mmoja. Ilimchukua wiki nzima kujikaza. Kisha akapanda mlima kwenda Kirua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kornelia. Karibu ndani." Mwalimu Primus alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ni nyimbo za dini?"

"Hapana, mwalimu."

"Za mapenzi?"

"Hapana. Ni za magunia."

Mwalimu aliikunjakunja miwani yake. "Vyombo vya kwaya haviendi mahali bila mimi," alisema.

Kornelia alielewa kwamba amekataliwa. Akashukuru, akainuka.

"Unakwenda wapi? Nasema nitashuka navyo mwenyewe. Jumapili, baada ya misa ya pili."

Akashuka navyo kweli, amevaa suti yake ya kanisani. Jumapili mashine haikufanya kazi, kwa hiyo palikuwa kimya. Mwalimu alizunguka stoo akipiga makofi na kusikiliza mwangwi, akaagiza magunia matupu yatundikwe ukutani, akamweka Hosea pembeni na Kornelia katikati. Ilipoadhiniwa adhuhuri walisimamisha kazi, Hussein na Fikirini wakaenda msikitini, na mwalimu akabaki na Kornelia na Hosea wakila ndizi za kuchoma.

Wimbo wa majoho waliuacha uwe wa mwisho. Kornelia hakumtazama mwalimu alipouimba. Ulipokwisha, mwalimu alirudisha kanda nyuma.

"Rudia," alisema.

"Nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hukukosea. Umejizuia. Mwishoni pale ulitaka kutoa kitu, ukakirudisha." Alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Usikirudishe."

Akarudia. Safari hii hakubakiza kitu. Sauti ilipasuka, ikakatika, ikarudi, na vumbi la unga likadondoka kutoka darini. Kisha mwalimu akabonyeza kitufe, na Kornelia akaisikia sauti yake ikitoka nje ya mwili wake, kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Alikuwa ameiogopa siku zote hizo kama mgeni aliyejiingiza nyumbani. Sasa aliisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alimtambua mwanamke yule aliyekuwa akiimba. Alikuwa amechoka kidogo, amekasirika kidogo, na hana haraka ya kwenda popote. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa mengi.

Kanda waliiita Gunia la Nani. Walinakili wenyewe kwenye redio kaseti yenye deki mbili, moja baada ya nyingine, na karatasi ya juu waliitoa fotokopi: gunia lililofungwa mdomo kwa kamba. Fikirini alizibeba mpaka Himo, akazifikisha hata Tarakea siku ya soko. Mnunuzi mmoja alirudisha yake akidai kanda imeliwa na mashine, kwa maana hakuna binadamu anayeimba hivyo. Lakini wengine walirudi kutafuta ya kuwapa ndugu zao, na wenye mashine za kusaga wakaanza kuipiga milangoni. Watoto wa Majengo walimwita Kornelia "Gunia la Nani" kila alipopita, naye aliitika.

Nakala moja alimpelekea mama yake. Mektrida aliiweka redioni, akakaa kwenye kigoda akimenya ndizi za mtori. Alisikiliza upande wa kwanza wote, akageuza kanda mwenyewe, akasikiliza na wa pili. Wimbo wa majoho ulipofika alisimamisha kisu. Ulipokwisha aliendelea kumenya.

"Ruwa wangu," alimwita Mungu kwa Kichaga. "Mnapiga kelele hivi mkiwa mmeshiba?"

"Tukiwa tumeshiba, mama."

"Na mbele za watu unaimba umekaa au umesimama?"

"Nasimama."

"Basi ununue viatu vya maana. Hivyo ulivyovaa vimeisha." Akainuka kwenda kuchochea moto, na Kornelia akamsikia huko jikoni akijaribu maneno yale kwa sauti ya chini, nayapiga pasi, siyavai, kwa tuni ambayo haikuwa sawa hata kidogo.

Wagumu hawakupata kuwa bendi kubwa. Walipiga kwenye kumbi ndogo za Moshi na mara mbili Arusha, na redioni wimbo wao ulisikika siku chache. Mwaka elfu mbili Hussein alihamia Dar es Salaam, ambako shemeji yake alimpatia kazi ya mota kiwandani, na waliagana kwa pilau ya mama yake. Wengi walidhani ndio mwisho. Kornelia alibandika tangazo kwenye mlango wa mashine, kwamba anatafutwa mpiga gitaa, ajuaye na asiyejua. Aliyekuja ni Gladness, binti wa Kiboriloni muuza nyanya, ambaye hakuwahi kushika gitaa maishani mwake. Gitaa la kwenye kanda ya pili amelipiga yeye.