Antena Isiyogeuzwa

Nilipoacha kazi ya kutunza wazee nikaingia ufundi wa mitambo, kampuni ndogo ya mtaa wa Aston, huku ughaibuni, ilinipa miezi mitatu ya majaribio. Kazi ya mwisho ilikuwa kiwanda kimoja mtaa wa Saltley: kufunga kipokezi kinachochukua saa kutoka kwenye setelaiti, ili mashine zote zifuate saa moja. Antena na kebo nichague mwenyewe. Ijumaa bosi angekuja kukagua. Kipokezi kikigoma, ningerudia sare yangu ya zamani.

Antena niliichagua vizuri, hilo nalisema bila aibu: ya mviringo kama bakuli lililofunikwa, isiyoingia maji. Tuliifunga paani, mbali na dohani, mahali inapoona anga pande zote. Kebo ndiyo iliyoniumbua. Kutoka paani hadi kwenye kipokezi ni mita ishirini; mimi niliagiza hamsini, nyembamba, kwa kuwa inakunjika kirahisi. Thelathini zilizozidi nikazikunja na kuzificha darini. Kwetu nani anakata kebo mpya?

Alhamisi kipokezi kikaona setelaiti moja tu, ilhali huhitaji angalau nne. Mwenzangu wa kazi, mzee kutoka Bukavu ninayemwita Papa, akapanda paani kufanya kile ambacho sote tulikulia nacho kwenye antena za televisheni: kugeuza.

"Inakamata sasa, mama?"

"Bado, Papa. Rudisha kidogo."

Nusu saa nzima tuligeuza kitu cha mviringo kinachotazama juu. Mwenye kiwanda alitutazama kutoka uani.

Nilikaa kwenye ngazi, machozi yakinilengalenga, nikasoma karatasi ya kebo ambayo ningepaswa kuisoma kabla ya kuagiza. Kumbe kila mita hula nguvu ya mawimbi, na kebo nyembamba hula zaidi.

"Papa, tunakata."

"Kebo mupya kabisa? Mama, ile njo kuharibu kitu."

Nikakata. Iliniuma kweli. Nikafunga kichwa kipya cha kuchomekea, kisha nikakiambia kipokezi kuwa kebo sasa ni mita ishirini, maana hata saa huchelewa kidogo njiani. Setelaiti tisa! Nilicheza pale pale darini, kichwa kikagonga boriti.

Ijumaa bosi aliuliza swali moja: kwa nini kebo fupi hivi? Nilimweleza kwa madaha, kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Nyuma yake Papa alikuwa akikagua viatu vyake. Kazi nikaipata.

Zile mita thelathini mke wa Papa anaanikia nguo, kwao Sparkbrook. Na hadi leo, nikipanda paa lolote, Papa husimama chini na kuniambia, "Rudisha kidogo, mama." Nami narudisha.