Niliyemcheka Shija

Juzi hapa Tabora nilipanga foleni dirishani, nikifuatilia cheti changu cha kuzaliwa kilichopotea. Mbele yangu alikuwa mama kutoka Ipole, mtoto mgongoni.

"Jina la mtoto?" karani aliuliza.

"Shija. Kwetu anayezaliwa baada ya mapacha ndivyo anavyoitwa."

Karani akaiweka kalamu chini. "Hilo la nyumbani, mama. La kuandika je?"

Foleni ikacheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti. Yule mama akavuta kanga, akamfunika mtoto uso. "Basi andika Brayan."

Zamu yangu ilipofika, nilitaja jina la kwenye kitambulisho.

Mimi nami nimezaliwa baada ya mapacha. Marehemu mama aliniita Shija mpaka anakata roho. Leo nawaambia ninyi wasomaji. Aliyestahili kuambiwa alishaondoka na cheti cha Brayan.