Alinilazimisha Niliite Jina la Baba Mkwe Mbele ya Wateja

Admin, weka kisa changu ila jina langu lifiche kabisa, ndugu wa aliyekuwa mume wangu wamo humu na ndio wa kwanza kutoa maoni. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, Muha wa Kasulu, nauza vitenge sokoni. Msinionee huruma mapema, mdomo ninao. Ila kwa hili nimekwama.

Niliolewa Kibondo miaka ya tisini. Mume wangu, nimwite Baba Neema, alikuwa ameishi ng'ambo akifanya kazi kwenye kampuni ya kuuza kahawa yenye maduka nchi nyingi. Aliporudi alikuta wakimbizi wa Burundi wamejaa, mashirika yamejaa, magari meupe yanapishana barabarani. Akasema, "Hawa Wazungu hawana pa kunywa kahawa ya maana." Akafungua mgahawa, akatandika vitambaa mezani, mimi akanivalisha aproni.

Kumbe alirudi na sheria za kule. Mteja akiingia, mtazame machoni. Tabasamu, meno yaonekane. Muulize jina lake, na kahawa ikiwa tayari uliite kwa sauti, mgahawa mzima usikie. Jamani, mimi nimelelewa kumpa mtu kikombe kwa mikono miwili, macho chini, goti limekunjwa. Nikijisahau nikainamisha macho, ananiita nyuma ya pazia, ananifinya mpaka damu inavilia, halafu ananinong'oneza, "Toka ukatabasamu." Siku moja dereva wa shirika akanishika mkono akaniambia, "Dada, unacheka vizuri." Wee! Tulipofunga tu nilichapwa mkanda, eti nachekea wanaume. Nikamuuliza, "Si wewe uliyeniambia nicheke?" Akanipiga ngumi, jino likatoka. Kesho yake akanitaka nitabasamu mdomo ukiwa umefungwa.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja baba mkwe alikuja kutoka kijijini kwao Murungu kwa lori la mihogo, amevaa koti lake la kanisani. Mzee yule alinipenda. Waha wenzangu mnajua, ila wengine niwaeleze: kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo, tunatafuta lingine. Kulitamka ni tusi, tena wazee wanasema ni kumwitia kifo. Hata leo hapa siliandiki.

Ndani walikuwepo Wazungu watatu tu. Mzee akaketi. Nikachukua kikombe nimpelekee kimyakimya, mume wangu akanizuia. "Muulize jina. Uliite kama ulivyoliita la yule Mzungu."

Nilidhani anatania. "Baba Neema, huyu ni baba yako."

"Humu ndani hakuna baba. Kuna mteja."

Nikamwambia siwezi, hata aniue. Akanyanyua birika lililokuwa linachemka, akanipiga nalo begani. Maji yakanimwagikia mkono mzima, ngozi ikaambuka. Nikaanguka, akanishindilia mateke ya mbavu. Wale Wazungu wakapiga kelele kwa lugha yao, kisha wakatoka mbio wakaingia kwenye gari wakaondoka. Hapo ndipo shetani alipompanda kabisa. "Umenifukuzia wateja!" Akanikaba koo kwa mikono miwili.

Mzee alijaribu kumvuta, akasukumwa akaangukia benchi. Macho yangu yalishaanza kuona giza. Nikamsikia mzee akiniambia kwa Kiha, kwa upole, "Mwanangu, liite. Nimekuruhusu mwenyewe. Asikuue."

Nikaliita. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi anayechinjwa. Baba Neema akaniachia, akajifuta jasho, akasema, "Unaona? Si kazi ngumu." Mzee aliondoka bila kunywa kahawa ile.

Hazikupita wiki nyingi akafariki. Alikuwa na ugonjwa wa kifua siku zote, lakini nani angesikia? Msibani kule Murungu, Baba Neema alisimama mbele ya ukoo akasema nimemuua baba yake, kwa sababu nililipayuka jina lake mbele ya Wazungu. Hakusema nani aliniamuru. Nilipofungua mdomo nijieleze, shemeji zangu walinivamia kwa fimbo, wakanivunja mkono uleule ulioungua. Mama weee! Watu niliowapikia, niliowafulia! Wakanitupa barabarani, na Neema wangu, ndio kwanza anatambaa, wakabaki naye.

Neema amekua akanitafuta mwenyewe, Mungu ambariki. Sasa amepata mchumba, kijana mstaarabu, anampenda kweli. Lakini ukoo wa baba yake umekataa kupokea mahari mpaka niende Murungu, nipige magoti kwenye kaburi la mzee, niombe radhi kwa kumuua. Wanasema wakimwozesha kabla ya hapo, laana itamfuata yeye na watoto wake.

Neema alinipigia analia. "Mama, ni magoti tu. Piga mara moja yaishe, niolewe." Ndipo nikamsimulia ukweli wote, kwa mara ya kwanza. Akasema, "Mama, nakuamini. Lakini nani alikuwepo?"

Ndugu zangu, aliyekuwepo ndiye yuko kaburini. Na kwa mila zao, wa kusimama kando ya kaburi kupokea radhi kwa niaba ya marehemu ni mwanawe mkubwa, yaani Baba Neema mwenyewe. Nikienda, nitampigia magoti yeye, naye ataniwekea mkono kichwani na kusema amenisamehe. Nikisema ukweli pale, ukoo utawaka na ndoa itavunjika. Nisipoenda, nimemnyima mwanangu mume.

Wananisubiri Jumamosi hii. Wenye mabinti, nishaurini: nimpigie magoti aliyetaka kuniua?